Gari limezeeka: ulitengeneze au uliuze? Hatua za kufuata kabla hujatoa hela

Mtu akitajiwa bei ya giaboksi au injini, kitu cha kwanza anachofanya ni kuilinganisha na bei ya gari. "Gari lenyewe la milioni 8, nitie milioni 2 na nusu?" Jioni hiyo hiyo anaanza kupekua picha za magari ya Japani kwenye simu. Hesabu hiyo ni fupi mno. Haisemi bodi iko katika hali gani, gari utakalonunua litadai nini miezi ya mwanzo, wala hilo ulilonalo, likiwa bovu hivyo hivyo, litauzika kwa shilingi ngapi.

Kwa Dar es Salaam, penye upepo wa chumvi, mafuriko na foleni za jua kali, msimamo wangu ni huu: bodi ndiyo inayoamua. Injini inabadilishwa na giaboksi inabadilishwa, na soko la mtumba limejaa zote mbili. Chuma kilichooza hakirudi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya gari, halafu unaenda kwenye injini, kisha kwenye karatasi ya hesabu.

Hatua ya 1: Usiamue siku gari limekufia njiani

Ukiwa umesimama Tazara saa nane mchana, boneti iko wazi na daladala zinakupigia honi, utakubali chochote utakachoambiwa. Siku hiyo kazi yako ni moja: gari livutwe mpaka mahali salama, wewe urudi nyumbani. Uamuzi usubiri walau siku tatu.

Wakati mzuri zaidi ni gari likiwa bado linatembea. Gari linalojiendesha lenyewe hadi kwa mnunuzi lina bei nyingine kabisa na lile linalovutwa kwa kamba. Ukisikia giaboksi imeanza kuchelewa kuingia, au ukiona maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, anza hesabu wiki hiyo hiyo.

Angalia na kalenda. Januari ni mwezi wa ada, na wanaouza magari kwa shida ni wengi, kwa hiyo ni mwezi mbaya wa kuuza na mwezi mzuri wa kununua. Viwango vipya vya kodi huanza tarehe 1 Julai, baada ya bajeti ya Juni. Kama unaagiza gari, tarehe meli inapofika ina maana kwenye mfuko wako.

Katika siku hizo tatu, fanya kazi moja ya mezani. Fungua meseji za miamala kwenye simu yako, maana mafundi wengi tunawalipa kwa simu, na uandike kila ulichotoa kwa ajili ya gari mwaka mzima uliopita. Tenga matengenezo ya kawaida, yaani oili, filta, pedi za breki na matairi, maana hata gari jipya linayataka. Tenga vilivyoharibika. Halafu andika nauli za bodaboda, bajaji na teksi za siku ambazo gari lilikuwa gereji, pamoja na kazi ulizokosa. Hizo watu wengi hawaziandiki kabisa.

Usitazame jumla tu, tazama kinachojirudia. Kama gari lilichemsha ukabadilisha feni, likachemsha tena ukabadilisha rejeta, na sasa linachemsha tena, ugonjwa wenyewe bado haujaguswa. Gari la namna hiyo huenda si bovu kama unavyodhani; limekosa mtu wa kulipima.

Hatua ya 2: Ingia chini ya gari wewe mwenyewe

Peleka gari penye shimo au pa kulinyanyua, uingie na tochi ya simu. Usitume mtu, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Lazima liwe juu ya stendi.

Shika bisibisi kubwa yenye mpini mgumu. Gonga kwa mpini kwenye bodi ya chini ya milango, pande zote mbili. Gonga kingo za juu ya matairi ya nyuma. Gonga sakafu ya upande wa dereva, halafu pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwa juu. Toa tairi la akiba kwenye buti, utazame shimo lake. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu, kisha unga mwekundu unakudondokea shingoni. Gari la mwaka 2004 ukilikuta limepakwa rangi nyeusi mbichi chini kote, kwaruza kidogo uone imepakwa juu ya nini.

Kutu ninaigawa hivi. Ile ya juu juu inayotoka kwa brashi ya waya haikunyimi usingizi: safisha, paka, endelea. Iliyotoboa paneli inachomelewa, ila uombe bei ya kuchomelea na ya rangi kabla hujaongeza senti kwenye injini. Lakini kutu ikiwa imefika kwenye boriti za chesisi, au mahali mikono ya magurudumu inapofungwa, au kwenye vichwa vya shokapu, hapo mimi simshauri mtu aweke hata betri mpya. Gurudumu linaloweza kung'oka na kipande cha bodi ukiwa kwenye mwendo wa 80 halina bei ya kulilinganisha. Habari ya gari hilo imeishia hapo. Nenda moja kwa moja hatua ya mwisho.

Kutu ya magari yetu ina vyanzo viwili. Mengine yalikuja nayo: mikoa ya baridi ya Japani, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari likikaa huko miaka kumi linakula chumvi hiyo kila msimu. Mengine yameipata hapa. Gari linalolala nje Kunduchi, Msasani au Kigamboni, hatua chache kutoka baharini, si sawa na linalolala Kimara, hata kama yalishuka bandarini siku moja. Mwenye gari la pwani aoshe chini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila mara, hasa mashimo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Yakiziba tope, maji yanakaa humo na mlango unaoza kuanzia ndani.

Kisha kuna mafuriko. Kama gari limewahi kuingia maji, iwe Jangwani, Mikocheni au mtaani kwako, nyanyua zulia la sakafu uguse sponji ya chini yake. Tazama boliti za viti: je, zina kutu wakati kila kitu kingine cha ndani ni kisafi? Chomoa soketi moja au mbili za nyaya chini ya kiti, uone kama pini zimeota ukijani. Katika magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa imefungwa sakafuni, katikati ya viti vya mbele, kwa hiyo maji yaliyofika kwenye mazulia yameifikia na yenyewe. Ugonjwa wa umeme wa gari la mafuriko huja na kutoweka, ukila hela kidogo kidogo. Gari lililozama mpaka kwenye viti, kwangu mimi, liko kundi moja na lile la chesisi iliyooza.

Hatua ya 3: Pima injini na giaboksi, usikubali kusikilizishwa

Haya mazungumzo utayasikia gereji yoyote ya mjini:

"Bosi, hii injini imekwisha. Tufunge nyingine."

"Fundi, umepima kompresheni?"

"Aah, hii inajulikana. Nimeisikiliza tu."

Kusikiliza hakutoshi kumtoa mtu milioni 2. Kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, ni kazi ya chini ya saa moja: plagi zinatolewa, kipimo kinafungwa silinda moja baada ya nyingine, na unapewa namba nne kama silinda ni nne. Andika zote. Unatafuta silinda iliyo chini sana kuliko wenzake. Ikipatikana, fundi amimine oili kidogo kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo na apime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shida iko juu, kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi, na bei ya kutengeneza hedi si bei ya injini nzima.

Moshi nao unasema. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito, usioisha hata injini ikishapata moto, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni ya bei nafuu.

Kwa gari linalokula oili, jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha pima umeongeza kiasi gani. Ujue pia injini yako ni ipi. Herufi za mwanzo za namba ya chesisi zinakuambia. Kwa Toyota, IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ, ya NCP61 ina 1NZ, Premio ya NZT240 ni cc 1,500, ya ZZT240 ni cc 1,800 yenye 1ZZ, na ya AZT240 ni cc 2,000. 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili, kwa sababu matundu ya pistoni yanayorudisha oili yalikuwa madogo na huziba. Kwa mwenye gari hilo, nusu lita kila baada ya wiki kadhaa si msiba, mradi akague kijiti cha oili kila Jumamosi. Kinachoiua ni kusahau.

Kuhusu kuchemsha, kuna swali moja la kuuliza ambalo litakufungulia mengi: "Themostati ipo?" Hiyo ni valvu inayoshikilia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi hapa mjini huitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati haifikii joto lake sawasawa, inakula mafuta zaidi, na inaweza kuficha kwa muda gasketi iliyoanza kuachia. Rudisha themostati, weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba yanayoozesha njia za ndani, kisha uone kama gari bado linachemsha kwenye foleni huku AC ikifanya kazi. Hapo ndipo umeujua ukweli wa injini yako.

Giaboksi ya otomatiki ijaribu asubuhi gari likiwa baridi na ijaribu tena likiwa limepata moto. Ukitoa N kwenda D ikachukua sekunde mbili ndipo ishike, au injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, imechoka. Kabla hujakubali kubadilisha, chomoa kijiti chake, kama kipo, unuse mafuta. Yakinuka kuungua na kuwa meusi, hali ni mbaya. Yakiwa safi ila gari linasita, uliza ni mafuta gani yaliwekwa mara ya mwisho. Kwenye vijiti vingi vya Toyota aina ya mafuta imechongwa palepale. Kijiti kikisema T-IV, weka T-IV. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua kwa hatua, ndizo zinazoumia zaidi kwa mafuta yasiyo yake, na wapo waliouza magari mazima kwa kosa la lita nne za mafuta.

Hatua ya 4: Visikutishe vinavyopiga kelele

Gari likigonga gonga kwenye matuta, likivuta upande au usukani ukitetemeka, wengi wanaona limekufa. Hizo ni kelele za vifaa vya chini: bushi, boljointi, tairodi, link za stebiliza na shokapu. Zinalipika, spea zake zimejaa Gerezani na Shaurimoyo, na zikifungwa nzuri gari linarudi kuwa kimya. Usiache boljointi iliyolegea hata wiki moja, kwa sababu ya usalama, lakini usiuze gari kwa ajili yake.

Taa ya injini kwenye dashibodi pia si hukumu. Pima kwa kompyuta na uombe kodi yenyewe, yaani namba ya kosa, iandikwe kwenye karatasi. Chukua P0302: maana yake silinda ya pili inakosa moto. Kabla ya kununua koili, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi, fundi ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, na ya tatu aiweke ya pili, afute kodi, muendeshe kidogo. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu na utanunua moja tu. Ikibaki P0302, hamia kwenye plagi, nozeli na kompresheni. Jaribio hili ni la dakika kumi na halina gharama. Fundi anayekataa kulifanya anataka kuuza koili nne.

Hatua ya 5: Bei mbili, zilizochambuliwa

Nenda kwa mafundi wawili wasiofahamiana, na wa pili usimwambie wa kwanza amesema nini. Kila mmoja akutenganishie bei ya spea, bei ya ufundi na vitu vidogo kama gasketi, oili na kulanti, kwa sababu hivyo vidogo ndivyo vinavyozaa "bosi, ongeza laki na nusu" siku ya pili.

Ikiwa ni injini au giaboksi ya mtumba, ulizia garantii ni ya siku ngapi na iandikwe kwenye risiti. Siku saba ni kidogo kwa giaboksi. Ujue pia namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA ili kadi irekebishwe, vinginevyo mnunuzi wa kesho atakuwa na haki ya kukushuku.

Magari yasiyo na spea hapa yanabadilisha hesabu yote. Brevis na Verossa zinauzwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyo hiyo. Gari zuri kukaa ndani, lakini kifaa kimoja kinaweza kukusubirisha wiki nzima. IST, Raum, Spacio na wenzao wenye 1NZ wana spea kila kona. Gari la zamani lenye spea rahisi linastahili uvumilivu mkubwa kuliko gari la juzi lisilo na spea.

Hatua ya 6: Hesabu ya mwaka mmoja

Hapa ndipo pa kukaa mezani. Namba nitakazotumia ni za mfano tu ili uone njia, weka zako.

Una IST ambayo giaboksi imeanza kuteleza. Bodi nzuri. Likiwa zima lingeuzika milioni 10, kwa ubovu huu dalali anakutajia milioni 6.5. Giaboksi ya mtumba pamoja na ufundi ni milioni 2.2. Matairi na vya chini, milioni 1.3. Sevisi za mwaka na bima ndogo, milioni 1.2. Weka akiba ya dharura milioni 1.5, maana gari la zamani halikosi la kusema. Jumla milioni 6.2. Baada ya mwaka, likiwa zima, litauzika milioni 9.

Gharama halisi ya kubaki nalo mwaka huo ni thamani ya leo likiwa bovu, ujumlishe ulichotia, utoe thamani ya mwakani: 6.5 + 6.2 − 9 = milioni 3.7.

Upande wa pili, umenunua lililotoka Japani kwa milioni 17 hadi namba imefungwa. Utataka bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Kwa asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT ni kama laki 7. Sevisi ya kwanza, betri na matairi mawili, laki 6. Sevisi za mwaka, laki 8. Mwakani litauzika milioni 15, kwa hiyo limeshuka milioni 2. Jumla milioni 4.1. Na kama ile milioni 10.5 ya kuongezea umeikopa, weka riba ya mwaka. Tuseme milioni 1.4, unafika milioni 5.5.

Kwa mwenye mkopo, jibu liko wazi: atengeneze. Kwa mwenye hela taslimu tofauti ni laki 4 kwa mwaka, na akiona amani ya moyo na bima kubwa vina thamani hiyo, hajakosea kununua.

Sasa chukua IST ileile, giaboksi ileile, lakini kingo za matairi na sakafu zimetoboka. Likiwa bovu hivyo linauzika milioni 5. Ongeza milioni 1.8 ya kuchomelea na rangi, ulichotia kinakuwa milioni 8. Mwakani, kwa bodi yenye viraka, atatokea mtu wa milioni 6.8. 5 + 8 − 6.8 = milioni 6.2. Hapo hata anayenunua kwa mkopo anakushinda. Giaboksi haikubadilika kwa shilingi moja. Kilichogeuza jibu ni kutu. Ndiyo sababu nimekupeleka chini ya gari kabla ya mengine yote.

Mafuta yaweke kwenye hesabu kama magari mawili yanatofautiana sana. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita, kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa mwezi, linakunywa lita 125. Linalokwenda kilomita 14 linakunywa lita 71 hivi. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni zaidi ya shilingi 160,000 kwa mwezi, karibu milioni 1.9 kwa mwaka. Bei kikomo za EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, tumia iliyopo. Ila kama unatembea kilomita 300 tu, kazini na kanisani au msikitini, sababu ya mafuta isikudanganye kununua gari.

Hatua ya 7: Bei ya kweli ya gari jingine

Bei inayoandikwa chini ya picha ya gari la Japani mara nyingi haina meli wala bima ya safari ndani yake. Ukishapata bei ya kufika bandarini, bado kuna kodi, na TRA hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake. Ankara yako ya bei ya chini haitakusaidia. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18 inayokatwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru, na katikati yake kuna ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Gari la kutembelea lililofikisha miaka 8 lina ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 ushuru huo unapanda. Tumia kikokotoo cha TRA kilicho kwenye tovuti yao: jaza aina ya gari, mwaka na cc, upate jumla kabla hujatuma dola hata moja. Juu ya hapo weka wakala wa forodha, gharama za bandari na usajili. Mwaka mmoja wa kutengenezwa unaweza kukuvusha mstari wa uchakavu, basi linganisha gari la mwaka huu na la mwaka unaofuata. Mara nyingine la "ghali" ndilo linaloingia kwa rahisi.

Kununua mkononi, yaani gari lililokwisha kutumika hapa, namba C au namba D, ni haraka na ni nafuu, lakini unaacha ubovu unaoujua kwa ubovu usioujua. Dalali atakuambia gari halidai chochote. Muitikie kwa heshima, halafu urudie hatua ya 2 na ya 3 kwenye gari hilo kama ulivyofanya kwenye lako, ukiwa na fundi wako na si wake. Kadi iwe halisi, namba ya chesisi kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, na uangalie faini za trafiki na madeni ya maegesho kabla ya kulipa. Muuzaji asiyetaka gari lipimwe kompresheni, mshukuru uondoke.

Hatua ya 8: Ukiamua kutengeneza

Panga kwa mstari huu: breki na usukani, kisha mfumo wa kupoza injini, kisha injini au giaboksi yenyewe, halafu vya chini vilivyobaki, na AC na rangi mwisho. Watu wengi wanaanza na rangi kwa sababu inaonekana. Ukiishiwa hela katikati, umebaki na gari zuri lisilosimama.

Weka ukomo kabla kazi haijaanza, na umwambie fundi: "Zaidi ya milioni 3 na nusu, simamisha unipigie." Dai vifaa vya zamani uvione na uondoke navyo. Spea ukienda kuzinunua mwenyewe, beba kifaa cha zamani na picha ya namba ya chesisi. Duka likikuonyesha ya kopi kwa nusu ya bei, kwa boljointi na pedi za breki chukua orijino, kwa kioo cha taa ya nyuma hakuna ubaya.

Siku ya kulichukua, liendeshe nusu saa fundi akiwa pembeni, ikiwemo kwenye foleni. Lipa malipo ya mwisho baada ya safari hiyo.

Hatua ya 9: Ukiamua kuachana nalo

Usilifanyie matengenezo makubwa kwa ajili ya kuuza, hayarudi. Lioshe, washa taa zote, weka betri inayowasha gari kwa mara moja, inatosha. Mwambie mnunuzi ubovu uliopo na umwonyeshe ile karatasi ya kompresheni. Utashangaa bei inavyotulia mtu akiona hafichwi. Kinachoshusha bei ya gari bovu ni hofu ya asichokijua. Kamisheni ya dalali ikubalianwe kabla hajaleta mtu.

Gari lenye chesisi iliyooza usimuuzie mtu wa kulitembelea. Atapanda nalo watoto wake. Liuze kwa wanaokata spea: injini, milango, viti na taa zina wateja wake, na ukiuliza watatu bei hupanda. Kadi yake usiiache ikizagaa, fuatilia TRA kufuta usajili, ili namba na kadi hiyo visije kuvaa gari jingine.

Kwa gari linaloendelea kutembea, mkataba uandikwe mbele ya wakili, wenye tarehe na saa ya makabidhiano, nakala za vitambulisho na TIN ya mnunuzi. Kisha ongozana naye kwenye uhamisho wa umiliki TRA. Akikuambia "nitabadilisha mwenyewe wiki ijayo," mkatalie kwa upole na ubaki na kadi mpaka kazi iishe. Faini ya mwendo kasi ya Chalinze na deni la maegesho la Kariakoo hufuata namba ya gari, na mpaka siku uhamisho utakapokamilika, aliyeandikwa kwenye namba hiyo ni wewe.